Chupa Yenye Tepu Nyeusi

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, ngoja nikuweke sawa haraka haraka.

Mimi ni mshereheshaji. Watu huniita Kipaza, kwa sababu niwe na kipaza sauti au nisiwe nacho, nasikika. Nimeozesha nusu ya mji huu, nimezindua maduka, nimewachekesha hata wafiwa. Kisha ikaja kampuni ya kinywaji cha kuongeza nguvu, kinaitwa Chachawa, ikanichukua niongoze matamasha yake ya watoto na vijana. Mwanamuziki wao ni Sega, yule kijana ambaye watoto wa shule wakimwona wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka.

Kiingilio ni bure. Bure ya mdomoni, maana mlangoni unatoa vifuniko kumi vya Chachawa.

Umenielewa? Ili mtoto amwone Sega, lazima mtu awe amekunywa chupa kumi. Na mtoto hana subira ya kuzinywa kwa mwezi mzima. Anazinywa kwa siku mbili tatu, wengine wanazimalizia palepale kwenye foleni.

Na niliyewafundisha kunywa ni mimi. Uwanja ukijaa, walio nyuma hawasikii maneno, kwa hiyo nikabuni ishara. Nikiinua mkono mmoja, wote wanafungua chupa. Nikiinua mikono miwili, wote wanakunywa mpaka tone la mwisho. Wakubwa wa kampuni walinipigia makofi, nami nikavimba kichwa.

Wiki iliyopita niliwasimulia watoto walivyoanguka kwenye tamasha la pili. Kampuni ikasema ni jua. Dada yangu mkubwa, ambaye ni nesi na ndiye anayekaa kwenye hema la huduma ya kwanza, akaniambia jua halikimbizi moyo wa mtoto namna ile. Nikarudi nyumbani nimeshaamua kuacha kazi. Nikainama kutafuta kandambili chini ya kitanda cha binti yangu, mkono ukagusa boksi la viatu, nikalifungua. Limejaa vifuniko vya Chachawa. Kugeuka, mwenyewe kasimama mlangoni.

Sasa kuna jambo sikuwaambia, kwa sababu hata kulitaja naliogopa. Huyu mtoto wangu, Kidoti, alizaliwa na tundu kwenye moyo. Walimpasua akiwa mdogo, wakaliziba. Daktari akaniambia ataishi kama watoto wengine, ila asiguse kahawa, asiguse vidonge vya mafua hovyo, na vinywaji vya kuongeza nguvu avione dukani tu.

"Umekunywa ngapi?" nikamuuliza.

"Hata moja."

"Kidoti, usinichezee akili."

"Mama, kweli. Wenzangu wanakunywa, mimi nawafanyia hesabu za nyumbani, wananipa vifuniko."

Nikashusha pumzi. Nikataka hata kucheka. Mtoto wa mshereheshaji huyu, kashajua kuishi kwa jasho la watu.

"Kwa hiyo wenzako ndio wanakunywa, wewe unakusanya tu."

"Si kama wewe, Mama? Wewe nawe hunywi."

Nikamwambia vifuniko au hakuna vifuniko, kwenye tamasha haendi. Kidoti hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alinitazama tu kwa yale macho ya marehemu baba yake.

"Watoto wa watu wote unawaita waje," akasema. "Mimi wa kwako unanifungia ndani."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Msemo huo nimeusema mara nyingi kwenye harusi za watu nikiwatania mashemeji. Siku hiyo niliuonja mwenyewe, chumbani kwa mwanangu, boksi la viatu likiwa mapajani.

Basi nikafanya kosa. Nilidhani nikimtoa Sega utamu, hamu ya tamasha itamwisha. Nikaenda kwenye begi langu la kazi, nikatoa chupa niliyobaki nayo kutoka jukwaani, nikaipindua.

"Unaona nini chini?"

"Tepu nyeusi."

"Hii inaitwa chupa ya jukwaani. Ndani ni maji yenye rangi ya kutilia keki. Fundi mitambo ndiye anayezijaza, kisha anazibandika tepu ileile anayofungia nyaya, zisichanganyike na za kuuza. Mimi nakunywa hizo. Sega anakunywa hizo. Chachawa yenyewe Sega haigusi, anasema inamnyima usingizi."

Kidoti akaonja. Akaonja tena.

"Maji matupu," akasema. "Kwa hiyo mnatudanganya?"

"Tunaigiza."

"Sawa," akasema, akanirudishia chupa. "Yenye tepu ni maji."

"Yenye tepu ni maji. Na usimwambie mtu."

Akaapa, nami nikatoka mle chumbani najiona mama hodari.

*

Asubuhi nikaenda ofisini kwa mtu wa kampuni tunayemwita Bwana Tabasamu. Jina si letu wala si lake, ni la mdomo wake, haujawahi kufungwa. Ofisi yake ina friji la kioo limejaa Chachawa za rangi zote. Mezani kwake kuna glasi ya maji ya moto na kipande cha ndimu.

"Nataka kuacha," nikamwambia.

"Dada Kipaza, karibu uketi kwanza."

"Watoto wanaanguka."

"Wanaanguka hata uwanja wa mpira. Wanaanguka hata kwenye gwaride la shule. Nimekusikia, lakini nijibu na wewe." Akanisogezea kiti. "Kabla yetu sisi, nani aliwahi kuwaletea watoto hawa mwanamuziki mkubwa mpaka mtaani kwao? Shule? Halmashauri? Wewe? Mtoto wa mama muuza mboga angemwona Sega wapi?"

Hapo alinipata. Nakiri hivyo, maana nimekuja hapa kusema kweli. Nilikuwa nimewaona watoto hao kwa macho yangu wakilia kwa furaha, watoto ambao hawajawahi kupewa kitu. Ndiyo maana sumu yake ilikuwa tamu. Panya wa nyumbani huuma huku anapuliza.

"Wawekeeni kiingilio kingine," nikasema. "Si vifuniko."

"Kwani nani kamshika mtoto mdomo akammiminia? Mlango uko wazi."

Tukavutana, akitabasamu, mimi nikitoka jasho kwenye kiyoyozi. Mwisho akasema mabango yameshabandikwa na sura yangu ipo, niongoze tamasha hili la mwisho kisha tuagane kwa wema. Nikakubali. Kwa nini nilikubali? Kwa sababu mwoga huwa anapenda sana neno "mwisho". Linamfanya aone amekataa na huku ameitikia.

Nimeshika kitasa cha mlango, akaniita.

"Na binti yako hajambo?"

Nikasema hajambo. Nikafika ngazini, nikasimama ghafla. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote wa ile kampuni kwamba nina binti.

Nikampigia dada yangu pale pale, nimeegemea ukuta wa ngazi.

"Mtu akiulizia kuku wako, anafikiria mchuzi," akasema. "Acha leo."

"Mabango yameshabandikwa, dada."

"Mabango hayazimii. Wanaozimia ni watoto, na wanaletwa kwangu. Wewe unawarusha, mimi nawadaka. Unadhani mikono yangu haichoki?"

"Moja tu. La mwisho."

Dada yangu akiona hukubali, huenda moja kwa moja kwenye lililo zito.

"Kidoti umwache mbali na uwanja ule," akasema. "Mbali kabisa. Mengine tutayaongea."

*

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Haikupita wiki, mambo yakaanza kunitelezea mikononi.

Kwanza yakaja maneno kwenye simu za watoto. Sega hanywi Chachawa, anakunywa maji ya rangi. Kila shule wanajua. Hata muuza duka wa mtaani kwetu aliniuliza, akicheka, kama ni kweli.

Nikamkalisha Kidoti.

"Ulimwambia nani?"

"Mmoja tu, Mama. Naye aliapa."

"Kama ulivyoapa wewe."

Akainamisha kichwa. Ningemchapa, lakini mdomo uliotangulia kufunguka ulikuwa wangu.

Pili, kule kazini wakaanza kunikwepa. Nikiingia chumbani, mazungumzo yanakatika. Fundi mitambo, ambaye tumekula naye sahani moja tangu tamasha la kwanza, akawa ananiitikia kwa kichwa tu na kurudi kwenye nyaya zake. Mazoezi ya mwisho yakafanyika bila mimi. Nikaambiwa eti sauti yangu waliitaka ipumzike.

Bwana Tabasamu akanikuta kwenye korido. Akaniwekea mkono begani.

"Kuna mdomo mmoja hapa kwetu haufungi," akasema, meno yote nje. "Lakini usijali, tumeshalitatua. Safari hii watu watajionea wenyewe."

Sikumuuliza wamelitatua vipi. Nilifikiri nikiuliza nitajulikana. Laiti ningeuliza.

*

Siku yenyewe ikafika, mchana wa jua kali. Kidoti nikamwacha kwa jirani yetu, mama fundi cherehani, mtu mwaminifu ambaye hata sindano yako akiikuta kwake anairudisha. Boksi la vifuniko nikaondoka nalo, nikalitupa kwenye pipa la taka la sokoni kwa mkono wangu.

Mtoto alikuwa mpole ajabu. Alinibana nywele, akanifunga kamba za viatu, akaniambia, "Mama, leo usiogope." Mtoto akiwa mtiifu ghafla, mzazi mwenye akili huuliza kulikoni. Mimi nilimbusu paji la uso nikaenda zangu.

Uwanja ulikuwa umefurika kabla hata ya spika kuwashwa. Kwenye geti, vifuniko vilikuwa vinamwagwa kwenye mapipa kwa kishindo, na watoto wanaingia wakiruka ruka, wengine mikono inawatetemeka na hawajui kwa nini. Kila aliyeingia alipewa chupa moja ya bure ya kushika mkononi. Dada yangu alikuwa kwenye hema lake pembeni ya jukwaa, anatandika magodoro. Alinipungia mkono bila kutabasamu.

Kwenye chumba cha kuvalia nikamkuta Sega peke yake. Amekaa mbele ya kioo, goti linachezacheza. Watu humwona mkubwa kule juu. Karibu, ni kijana wa miaka kumi na tisa mwenye chunusi zilizopakwa poda.

"Anti," akaniambia, "leo wamekueleza lakini?"

"Wamenieleza nini?"

Akatazama mlango. Akafungua mdomo. Mlango ukafunguka, Bwana Tabasamu akaingia na makofi.

"Wanangu, muda. Sega, twende. Dada Kipaza, sikio lako liko sawa?"

Akanirekebishia mwenyewe kile kidude cha sikioni, ambacho kupitia humo mimi na fundi mitambo huongea nikiwa jukwaani. Sega akageuka kunitazama juu ya bega lake akitolewa nje. Jamani, kuna jicho linaweza kusema sentensi nzima na wewe usilisome. Nililiona jicho lile nikadhani ni wasiwasi wa jukwaa.

*

Nikapanda. Kelele zikanipokea. Nakiri tena, hata na hofu yangu yote, kelele zile zilinipendeza. Ni ugonjwa, sisi wa kazi hii tunao.

"Nani kachoka?"

"Hakuna!"

"Sikusikia, nani kachoka?"

"Hakuna!"

Sega akaimba, akaimba tena. Watoto wakarukaruka mpaka mbao za jukwaa zikawa zinanicheza miguuni. Kisha kidude sikioni kikakohoa. Hakuwa fundi mitambo. Alikuwa Bwana Tabasamu.

"Sasa mshindi wetu," akasema. "Mtoto mmoja, aliyeshinda bahati nasibu kwa simu. Atapanda anywe na Sega mbele ya kamera. Mtangaze."

Nikatangaza. Pazia la pembeni likafunguka.

Akatoka Kidoti.

Amevaa gauni lake la bluu la sikukuu, nywele kazibana kama zangu. Watoto wakapiga kelele. Mimi nikapiga hatua kumwendea.

"Zawadi yangu ya kuagana," sauti ikasema sikioni, laini kabisa. "Alishiriki kwa namba ya simu yako hata kabla hujaja ofisini kwangu, nikaona nisiiache bahati hiyo. Mama na bintiye. Nani atasema tena ni maji?"

Kidoti akaja akanikumbatia kiuno, watu wakaona ni mapenzi tu. Akaninong'oneza.

"Mama, usinikasirikie. Walikuja na gari, wakamwambia jirani wewe umewatuma."

"Kidoti, shuka. Shuka sasa hivi."

"Lakini Mama, nimeangalia chini. Ina tepu."

Sega alikuwa ameshika chupa mbili, anamkabidhi moja. Nikaishika mimi kwanza, nikajifanya namfungulia. Nikaipindua kidogo. Tepu nyeusi, imekatwa kwa meno kama anavyoikata fundi mitambo siku zote.

Nakumbuka nilisema moyoni, asante Mungu, ni igizo tu. Acha anywe maji yake, apige picha na Sega wake, nyumbani tutaongea lugha tunayoelewana.

Nikamrudishia. Kwa mkono wangu.

Nikainua mkono mmoja, jukwaa na uwanja vikafungua kwa pamoja. Nikahesabu kwa kuvuta, kama ninavyojua kuvuta. Lakini safari hii niliambiwa sikioni jukwaa linywe kwanza, watoto wafuate, kwa hiyo mkono wa pili sikuuinua. Walibaki wameshika chupa zimefunguliwa, wananingoja, huku Sega na mwanangu wakinywa.

Sega alikunywa amefumba macho. Kidoti aliinywa yote, hadi tone la mwisho, kama nilivyowafundisha watoto wa watu. Akaipindua kichwani kuonyesha imekwisha. Uwanja ukavuma.

Kisha akanivuta mkono.

"Mama, siku hizi mnatia na ladha?"

"Ladha gani?"

"Inawasha ulimi. Hata ile ya kwenye gari."

"Ipi ya kwenye gari?"

"Walinipa nyingine njiani. Nayo ilikuwa na tepu, nikainywa."

Nikamtazama Sega. Machozi yalikuwa yanamlenga. Akatikisa kichwa polepole, na hapo ndipo nilipolisoma lile jicho la chumbani.

Sikioni nikasikia pumzi, halafu fundi mitambo, anasema kama mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja.

"Kipaza, huyo mtoto ni wako? Mungu wangu. Usimpe nyingine. Leo waliniambia nijaze yenyewe, kwa sababu ya yale maneno. Zote za jukwaani ni yenyewe."

"Tepu," nikasema. "Tepu je?"

"Za jukwaani huwa nazibandika. Hakuna aliyeniambia niache."

Hakuna aliyemwambia aache. Mkono wake umezoea, chupa ikienda jukwaani inapata tepu, basi. Na jicho langu nalo limezoea, likiona tepu linalala. Nami ndiye niliyemwambia mtoto, mtoto akamwambia mwenzake, maneno yakafika juu, juu wakaamua kujaza yenyewe. Mduara mzima ulianzia chumbani kwa mwanangu na ukaja kufungwa mdomoni kwake.

Kidoti aliweka kiganja kifuani. Aliweka tu, kama mtu anayetafuta kitufe kilichokatika.

"Mikono, dada," Bwana Tabasamu akasema sikioni. "Watoto wanangoja. Mikono miwili."

Nikageukia uwanja. Nyuso zile zote, chupa zile zote ziko wazi, zinaning'inia nusu ya safari ya kwenda mdomoni. Wa mbele walikuwa wadogo, umri wa kuota meno mapya. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu yote, kila mmoja wao alikuwa na sura ya Kidoti.

Nikaleta kipaza sauti mdomoni.

"Watoto," nikasema, "sikilizeni. Hicho mlichoshika ni ki..."

Sauti yangu ikakatika. Spika zote zikafa. Sikioni nikamsikia Bwana Tabasamu, yuko mbali kidogo, anasema, "Nimesema kata," na fundi mitambo akasema, "Samahani, dada. Samahani sana."

Nikapaza sauti bila kifaa. Mimi Kipaza, ninayesikika na bila kipaza, nilipiga kelele mpaka nikaonja damu kooni. Msinywe. Wekeni chini. Mwageni. Lakini maelfu ya watoto wanaoita jina lako ni kitu kingine. Mstari wa mbele walinikodolea macho, wakiona midomo yangu inafanya kazi na hakuna kinachotoka.

Nikafanya ambalo kila mtu mwenye mikono angelifanya. Nikaiinua yote miwili, viganja mbele, kuwazuia.

Wakanitii.

Uwanja mzima, kuanzia wadogo wa mbele hadi wale wa nyuma kabisa wasiosikia maneno, walirudisha vichwa nyuma wakanywa. Waliniangalia kwa upendo huku wanakunywa. Nikaipunga mikono, nikaitikisa, nikaiinua juu zaidi, na kila nilivyoiinua ndivyo walivyokunywa kwa bidii, wakishindana nani atakuwa wa kwanza kuipindua kichwani. Nilipoishusha, ilikuwa imekwisha.

Nyuma yangu chupa tupu ikaanguka kwenye mbao.

Kidoti alikuwa amekaa chini. Alikaa kwa adabu, gauni kalikunja vizuri chini ya magoti, kiganja bado kifuani. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo nimeiona mara moja tu, kabla hawajampasua.

"Mama," akasema. "Moyo unakimbia. Usikilize."

Nikapiga magoti. Kule chini nilimwona dada yangu ametoka hemani anakuja mbio na mkoba wake, na watoto wa mstari wa mbele wameanza kukaa chini njiani mwake, mmoja, halafu mwingine. Akamruka wa kwanza. Mbele ya wa pili akasimama. Akanitazama mimi, akamtazama yule mtoto wa watu aliyelala miguuni pake.

Kidoti akafumba macho. Nikamlaza, nikabandika sikio kifuani kwake, mimi ambaye nimeishi kwa masikio, ninayejua kwa kelele tu kama ukumbi una furaha au una njaa. Nilibana sikio, nikabana na pumzi yangu.

Watoto walikuwa wamemaliza kunywa. Walikuwa wanarusha chupa hewani na kuniita, Kipaza, Kipaza, Kipaza, uwanja mzima, kwa nguvu zote, na mle kifuani mwa mwanangu sikuweza kusikia chochote.